Kaza Mpaka Ilie

Nyumbani kwao walimwita Chapchap, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa msichana wa darasa la sita asiyejua kutembea. Yeye ni kukimbia tu. Akifagia uwanja, alimaliza kabla vumbi halijapata pa kutua. Akichota maji, ndoo ilifika nyumbani nusu, na nusu nyingine ikawa kwenye sketi yake. Mama yake alizoea kumwambia, "Wewe mtoto, kuna siku utatoka nyumbani miguu ibaki kitandani." Chapchap alicheka, lakini hata kicheko chenyewe alikimalizia njiani.

Mama alikuwa dobi. Chumba chao cha mbele kilikuwa kazi tupu: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi ya umeme, pasi ya mkaa ya kungojea umeme ukatike, na kamba zilizopita huku na huku hata mgeni akiingia alilazimika kuinama, utadhani anayaamkia mashati. Kila asubuhi mama alipiga pasi, akakunja, akafunga nguo ndani ya shuka safi, kisha akaupakia mzigo kwenye keria ya baiskeli na kuwapelekea wateja wake. Mteja mkubwa kuliko wote ilikuwa nyumba ya wageni iliyokuwa chini ya mteremko, upande wa pili wa mji. Mashuka ya pale ndiyo yaliyoilisha nyumba yao, na baiskeli nyeusi ya mama ndiyo iliyoyafikisha.

Sasa, siku moja mama alirudi akiikokota baiskeli badala ya kuipanda. Bolti ya kiti ililegea, kiti kikageuka ghafla akiwa kwenye kona, akaenda chini yeye na mzigo wake. Kiwiko kilichubuka. Mashuka meupe yaligeuka rangi ya barabara, ikabidi yafuliwe upya yote.

"Nimelala kwenye mashuka ya wageni bila kulipia chumba," mama alisema, akijitia hamnazo.

Mjomba alivunjika mbavu kwa kicheko. Chapchap hakucheka. Alikuwa anamtazama mama alivyokuwa akikunja uso kila aliponyanyua pasi.

Huyu mjomba alikuwa mdogo wake mama, na aliishi katika chumba cha uani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza malori. Alikuwa mtu wa mikono mikubwa na maneno makubwa zaidi. Jioni ile ile alichukua spana, akakibana kiti, akajipangusa mikono na kuanza hotuba.

"Dada, nati iliyolegea haina urafiki na mtu. Sisi gereji tukifunga gurudumu la lori, spana tunaichomekea bomba refu, mtu anausimamia mpini wake kwa miguu miwili. Tunakaza mpaka ilie. Ikilia kwii, hapo unajua imekubali."

Mama alimjibu kwamba chakula kinapoa. Lakini Chapchap aliyameza maneno yale mazima mazima. Kaza mpaka ilie. Tangu siku ile hakutulia. Mama akichelewa kidogo, Chapchap alikuwa mlangoni. Kengele ya baiskeli ikisikika mtaani, alichungulia. Ikiwa ya mtu mwingine, roho ilimruka. Usiku aliota kiti kinageuka, na asubuhi aliamka amechoka kama mtu aliyekesha akifua.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, mama alimwita.

"Chapchap."

"Abee, mama."

"Kesho nina mzigo mkubwa wa nyumba ya wageni. Ipanguse baiskeli, uitikisetikise uone kama kuna kitu kimelegea. Ukikiona, mwambie mjomba wako akirudi. Usikikaze mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Alisikia, ndiyo. Lakini mjomba alikuwa ameitwa kwenda kutengeneza lori lililokwama mbali, na hakuna aliyejua atarudi saa ngapi. Chapchap aliipangusa baiskeli mara moja tu, mbio mbio, akaushika usukani na kuutikisa. Haukucheza. Akatikisa kiti. Hakikucheza. Akatikisa magurudumu. Yalikuwa sawa. Mtu mwingine angeridhika akaenda kucheza. Yeye akasimama pale akijiuliza: je, kama imekaza leo na kesho ikalegea? Hata kile kiti kilikuwa kimekaza siku moja kabla. Akakata shauri.

Sanduku la mjomba lilikuwa chini ya kitanda chake. Chapchap alitoa spana, akatoa na kipande cha bomba la chuma ambacho mjomba alikitumia kurefusha mpini. Akarudi uani na kuanza na nati za gurudumu la mbele. Alichomeka bomba kwenye spana, akaning'inia. Nati ikazunguka kidogo. Akaenda upande wa pili. Kisha gurudumu la nyuma, kisha kiti, kisha breki. Jasho lilimtoka, na kwa mara ya kwanza tangu mama aanguke alijisikia nafuu. Kila nati ilikuwa kama mlango anaoupiga komeo.

Mwisho ikabaki bolti ya usukani, ile iliyoko katikati, inayoubana usukani usiinamie mbele wala nyuma. Hii alitaka aikaze kuliko zote, maana hiyo ndiyo mama anayoiegemea kwa mikono miwili. Aliilaza baiskeli ubavu, akapanda juu ya lile bomba kwa miguu yote, akajishikilia ukutani.

Bolti ikalia. Kwii.

Chapchap akatabasamu. Akajisukuma tena kidogo ili awe na uhakika. Hapo spana ikaenda kwa urahisi, laini, bila kubishana kabisa. Alishangaa. Muda mfupi uliopita ilikuwa ngumu kama jiwe, sasa imekuwa laini kama siagi. Kitu fulani kikamnong'oneza moyoni kwamba hapa hapako sawa. Lakini kumbuka huyu ni Chapchap, si mtu wa kusimama na kusikiliza minong'ono. Alijiambia imekubali, akarudisha vyombo vya mjomba chini ya kitanda, akanawa mikono.

Jioni mama aliisogeza baiskeli kuiingiza ndani, akakunja uso.

"Mbona gurudumu la mbele zito leo? Umeifanya nini?"

"Nimekagua tu, mama. Kila kitu kiko sawa."

"Hukukaza chochote?"

"Hapana, mama."

Uongo ulitoka haraka kama kila kitu chake kilivyotoka haraka. Mama akamshika kichwa na kumwambia, "Ahsante, mwanangu. Sasa nitapanda bila wasiwasi." Chapchap alitaka kufurahi, lakini furaha ilikataa kuja.

Asubuhi alimwacha mama anafunga mzigo wa mashuka, mkubwa hata ukampita begani, akaenda shule. Mjomba alikuwa bado hajarudi. Darasani Chapchap alikaa kwenye dawati kama aliyekalia siafu. Alinyoosha mguu, akaukunja. Alichonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa. Mwalimu wa hesabu, mama mmoja mpole mwenye sauti nzito, alimtupia jicho mara kadhaa.

Jirani yake wa dawati alikuwa msichana aliyeitwa Kimya. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kunyamaza.

"Una nini wewe leo?" Kimya alimnong'oneza. "Umekula pilipili?"

"Niache."

"Basi kunywa maji upoe."

Kimya alitoa chupa yake ya maji, akampa, kisha akaipokea na kuifunga. Aliogopa isimwagikie madaftari, kwa hiyo akakikaza kifuniko, akakikaza tena, akang'ata na ulimi. Kifuniko kikapiga mlio mdogo, tak, halafu kikaanza kuzunguka bure, laini, bila kushika chochote.

"Ona sasa," Kimya alisema. "Kimeachia. Nilikikaza mno. Mama ataniua, hii ya tatu."

Chapchap aliitazama ile chupa. Kifuniko kilizunguka na kuzunguka. Kilikuwa kigumu, kikalia, halafu kikawa laini. Bolti haikuwa imekubali. Bolti ilikuwa imeshindwa.

Akasimama bila kunyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba ruhusa."

"Ya kwenda wapi?"

"Tumbo linaniuma," alisema, kwa sababu uongo ndio uliokuwa karibu.

"Nenda kakae chini ya kivuli mpaka lipoe."

Angeweza kutoka na uongo wake akaruka ukuta. Alifika mlangoni. Lakini alijua mwalimu ana simu, naye hana, na uongo ule haungempa simu. Akageuka, na darasa zima likamwona analia.

"Mwalimu, si tumbo. Nimeharibu baiskeli ya mama. Nimekaza bolti ya usukani mpaka imeharibika, nikamdanganya kwamba sikuigusa. Sasa hivi yuko njiani na mzigo, anaelekea mteremkoni."

Darasa likawa kimya, hata Kimya mwenyewe. Mwalimu hakuuliza la pili. Alitoa simu, Chapchap akamtajia namba ya mama kwa kichwa. Simu iliita, ikaita, haikupokelewa. Mama akiwa juu ya baiskeli simu hukaa ndani ya mkoba, na mkoba hukaa chini ya mashuka.

"Hupita wapi?" mwalimu aliuliza.

"Hapo juu, dukani. Husimama kukaza kamba za mzigo kabla ya kuteremka."

"Twende."

Wakatoka wote wawili, mwalimu bado ana chaki mkononi. Duka lile halikuwa mbali na lango la shule, lakini kwa Chapchap barabara ile ilikuwa imerefushwa makusudi. Maisha yake yote alikuwa amekimbia bila sababu, na leo alipokuwa na sababu miguu ilimwia mizito. Mwalimu alibaki nyuma akihema. Chapchap aliliona duka. Hakuona baiskeli. Akakata kona ya duka, na hapo akamwona mama: ameshafunga kamba, ameshapanda, mguu mmoja uko kwenye pedali na mwingine unaisukuma ardhi. Mbele yake mteremko ulikuwa unashuka mpaka chini kabisa, na malori mawili yalikuwa yanapanda yakifuatana.

"Mama, usiende!"

Mama akafunga breki na kugeuka. Uso wake haukuwa wa kufurahi kumwona.

"Wewe! Shule je?"

"Shuka, mama. Nakuomba ushuke kwanza."

"Nimechelewa, mteja ananingoja. Sema unachotaka."

Chapchap alikuwa hana pumzi, lakini alisema. Alisema bomba, akasema spana, akasema bolti ilivyolia na ilivyolainika. Akasema, "Nilikudanganya jana. Nilikaza kila kitu." Mama alimsikiliza akiwa bado amekaa juu ya kiti, akautazama usukani wake. Ulionekana mzima tu.

"Nimetoka nao nyumbani mpaka hapa," mama alisema. "Haujacheza hata kidogo."

Hata hivyo alishuka. Aliweka mikono miwili kwenye usukani na kuukandamiza, kama anavyouegemea akifunga breki mteremkoni. Kikasikika kitu kidogo sana, tik. Kichwa cha bolti kikadondoka kwenye lami na kubingirika. Usukani wote ukainama mbele, ukaning'inia kwa waya za breki.

Lori la kwanza lilipita likinguruma, la pili likafuata. Mama aliuachia usukani polepole, akaketi kwenye jiwe la mbele ya duka, akashika tama. Mwalimu alikuwa amefika, naye akaiona baiskeli, akaielewa. Mama aliogopa. Chapchap hakuwahi kumwona mama yake akiogopa, na jambo hilo lilimtisha kuliko kipigo chochote.

"Kwa nini ulifanya hivi?" mama aliuliza mwishoni. Hakuuliza kwa ukali.

"Sikutaka uanguke tena."

Mama akafumba macho. Kisha akamvuta karibu, akamkumbatia pale pale barabarani, mbele ya muuza duka na mwalimu na chaki yake. Wote wawili walilia kidogo. Halafu mama akajikaza kisabuni, akafuta uso na kusema kwamba mashuka hayatajipeleka yenyewe. Baiskeli waliiacha dukani, waje kuichukua wakirudi. Mwalimu alimruhusu Chapchap aende na mama, kwa sharti la kufanya hesabu zote za siku ile nyumbani, bila kuruka hata moja. Wakagawana mzigo, kila mmoja na fungu lake kichwani, wakauteremka mteremko ule kwa miguu. Kwa mara ya kwanza Chapchap alitembea.

Jioni mjomba alirudi, akaikuta baiskeli uani imekaa kama mgonjwa. Chapchap alimwamkia, "Shikamoo, mjomba," kisha akamweleza yote kabla hajaulizwa. Mjomba hakutoa hotuba. Alichuchumaa, akafungua nati moja moja, akazipanga juu ya gazeti. Bolti ya kiti aliiinua juu ili waione: katikati ilikuwa imekonda, kama peremende ndefu iliyovutwa pande mbili.

"Hii nayo ilikuwa njiani kukatika," alisema. "Bolti inashika kwa kuvutika kidogo tu. Ukiivuta mno, inachoka. Inaweza kukaa siku nzima ikionekana nzima, ikingojea siku ya kukuaibisha. Na hili gurudumu ulilibana mpaka likakosa pumzi, ndiyo maana dada aliliona zito."

"Lakini mjomba, ulisema tukaze mpaka ilie."

Mjomba akajikuna shingo. Mama alimkazia macho kutoka mlangoni, pasi mkononi.

"Nilisema," mjomba alikiri. "Na nilikuwa nazungumzia bolti nene kuliko kidole gumba changu. Nilikuwa najisifu, sikufikiria nani ananisikia. Lawama hii tugawane, mpwa wangu. Njoo nikuonyeshe."

Lile bomba alilitupa pembeni. Alitafuta spana fupi, akampa Chapchap, akamwonyesha kushika karibu na kichwa cha spana, si mwisho wa mpini. Bolti mpya ya usukani aliianza kwa vidole. Ilipofika mwisho, akamwambia aongeze kwa spana, taratibu, mpaka aisikie inamkatalia.

"Hapo hapo. Ongeza kidogo tu, basi. Acha. Sasa utikise uone kama unacheza."

Usukani haukucheza. Mkono wa Chapchap ulikuwa unamwasha kuongeza kidogo zaidi, kidogo tu, kwa usalama. Mjomba alimwona.

"Najua," alisema. "Weka spana chini."

Akaiweka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuning'inia kwenye bomba.

Siku zikapita, mama akarudi kupanda. Jumapili nyingine akamwita tena Chapchap aikague baiskeli, mzigo wa kesho ukiwa mkubwa kama kawaida. Chapchap alitikisa kila kitu, safari hii bila mbio. Kiti, sawa. Magurudumu, sawa. Usukani, sawa. Breki ya mbele ilikuwa na kitu: nati yake ilizunguka kidogo alipoigusa kwa vidole. Akaikaza kwa spana fupi. Ikakaza. Au ilikaza? Alisimama, akaitazama, wasiwasi wake wa zamani ukaanza kumpanda. Mjomba alikuwa safarini tena.

Akaingia ndani. Mama alikuwa anakunja mashuka.

"Mama, breki ya mbele nimeikaza kidogo, nadhani iko sawa. Lakini sina uhakika nayo."

Alijua maana ya maneno hayo. Mama atatembea kwa miguu na mzigo ule, mteremko mzima, au atamngoja mjomba na mteja akasirike. Mama aliacha kukunja.

"Basi kesho sitapanda," alisema.

"Utachelewa."

"Nitachelewa." Mama aliweka shuka mezani. "Sikiliza, mwanangu. Ile bolti sikuikasirikia sana. Uliikaza kwa hofu, na mtu mwenye hofu hajui pa kuachia. Hilo linafundishika, na mjomba wako amekufundisha. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba nilikuuliza, ukanijibu hapana, nami nikaubeba uhai wangu juu ya jibu lako mpaka mlangoni mwa mteremko. Kazi ukiiharibu, sema umeiharibu. Ukiwa huna uhakika, sema huna uhakika. Nitatembea kwa miguu kila siku bila kulalamika, mradi nijue neno lako linanibeba."

Chapchap alisogea mezani, akashika ncha mbili za shuka, na mama akashika mbili nyingine. Wakalinyoosha pamoja.